Diski Haina Changamoto, Imekufa

Msomaji anayetunza seva anauliza: diski ikigoma, kwenye ripoti ya zamu aandike "imefeli" au "imekufa"? Mkuu wake anaona "imekufa" ni lugha ya gereji.

Imekufa. Kiswahili hakijawahi kuona haya kuua vyombo: saa hufa, betri hufa, injini hufa. Kufeli tuwaachie watahiniwa, ingawa nimeshachoka kuligombania neno hilo na sitamtoza mtu faini.

Kilichonipandisha presha ni ripoti aliyoiambatisha: "Mfumo wa hifadhi umepata changamoto kwenye diski ya tatu." Changamoto! Neno hili, lenye harufu ya kuchangamka, ni la jambo linalomtia mtu ari ya kupambana. Siku hizi bomba likipasuka ni changamoto, mshahara ukichelewa changamoto, na sasa diski. Hebu mfikirie fundi wa usiku anayeisoma. Ana safu ya diski 8 za RAID 5, yaani diski zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, inayovumilia kupotea kwa diski moja tu. Achukue hatua gani? Kama diski imekufa, aing'oe na kuweka nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi. Kama inakufa, yaani bado inasomeka lakini sekta mbovu, vile vipande vyake vya kuhifadhia data, zinaongezeka na tahadhari imetolewa, ainakili kwenye diski ya akiba kabla haijazima. Kama haionekani, huenda haijakaa sawasawa kwenye tundu, au kebo ndiyo mbovu na diski yenyewe haina kosa. Me, na, ha: viambishi vitatu, kazi tatu. "Changamoto" imevimeza vyote.

Na hiyo "ya tatu" imehesabiwaje? Makabati mengi ya diski huanzia tundu 0, kwa hiyo tundu 3 lina diski ya nne. Mwandishi akiwa amekusudia tundu 3 na fundi akahesabu kwa vidole kuanzia moja, atachomoa ya tundu 2, nzima kabisa, na safu iliyokuwa ikichechemea itaanguka palepale. Kabla ya kugusa kitu, awashe taa ya kuitambulisha diski husika, kisha akiitoa alinganishe seriali namba na ile iliyo kwenye ripoti.

Wengine watasema "hitilafu". Asili yake ni Kiarabu, kutofautiana, na ndiyo maana linapendeza hasa pale diski mbili za RAID 1, zinazopaswa kufanana kama pacha, zinapotoa data zisizolingana. Diski isiyozunguka tena haitofautiani na mtu.

Mkuu anahofia kuwa "imekufa" inatisha. Na itishe. Kujenga upya diski ya TB 18, yaani kuijaza diski mpya data ya ile iliyokufa, kwa kasi ya MB 200 kwa sekunde, bila kupumzika, huchukua saa 25, na watumiaji wakiwa kazini huwa zaidi. Muda wote huo RAID 5 haina kinga. Diski ya pili ikifuata, mnarudi kwenye nakala za akiba, kama zipo.

Kwa hiyo andika: "Kabati 1, tundu 3: diski imekufa saa 8:40 usiku. Diski ya akiba imeingia, ujenzi umefika asilimia 12." Mkuu akilazimisha changamoto iwemo, iweke kwenye barua ya kuomba fedha za diski mpya.