Kununua foo wili iliyotumika: maswali ya wasomaji

Nimepata Prado ya mwaka 1999 yenye injini ya dizeli ya 1KZ. Muuzaji anasema imetunzwa. Nitajuaje? (Msomaji, Moshi)

Fika asubuhi na mapema, ukiwa umemwomba muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo linalofichwa, na mara nyingi ni ugumu wa kuwaka au moshi wa asubuhi. Injini ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta: maji yasiwe na rangi ya kutu wala utando wa oili, kwa sababu udhaifu mkubwa wa 1KZ ni kupasuka silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inapochemsha. Mwambie fundi aiwashe kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yasiyokoma yanaonyesha kwamba mgandamizo wa silinda unavujia kwenye maji. Taa ya T-BELT, ile ya dashibodi inayokumbusha kubadili mkanda wa taimingi, isikutulize ikiwa haiwaki, kwani huzimwa bila mkanda kubadilishwa, hivyo dai risiti au punguza bei kwa gharama ya mkanda mpya. Kilomita za kwenye dashibodi mimi huzitazama mwisho kabisa, kwa kuwa namba hurudishwa nyuma, ila mpira wa pedali ya breki ukishalika huonekana.

Je, gari la watalii la Arusha lenye daftari kamili la sevisi linafaa familia? (Msomaji, Dodoma)

Daftari lake huenda likawa bora kuliko la gari lolote utakaloliona, maana kampuni haiwezi kukubali wageni walale njiani Serengeti. Hata hivyo, mengi yamekatwa na kurefushwa chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari), yakawekewa paa la kufunguka, na miaka ya barabara za makorongo huchosha sehemu zilizochomelewa. Zaidi ya hayo, siku ya kuuza utawategemea wanunuzi wa biashara hiyo hiyo tu, ilhali Land Cruiser ya kawaida, isiyoguswa, inanunuliwa na mkulima, mkandarasi na mchungaji, na kila gereji ya wilayani ina fundi anayeijua.

Foo wili za Uingereza zina usukani upande wetu. Tuzikimbie? (Msomaji, Dar es Salaam)

Si lazima, lakini kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula chesisi. Niliwahi kununua moja iliyopakwa rangi nyeusi mpya chini, nikaifurahia rangi. Baada ya miezi michache bisibisi ya fundi ilizama kwenye chuma, karibu na gurudumu la nyuma, kama kwenye mkate. Siku hizi rangi mbichi chini ya gari kuukuu naihesabu kuwa kasoro. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza.

Kadi ya gari iko kwa jina la mwenye gari wa awali, siye anayeniuzia. Niendelee? (Msomaji, Mbeya)

Usilipe hata malipo ya awali mpaka mwenye jina atokee asaini mkataba, mkahamishe umiliki TRA, Mamlaka ya Mapato.