Mpiga Besiboli Aliyeshika Gitaa: Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wasikilize albamu ya kwanza ya Bernie Williams, mchezaji wa besiboli wa timu ya New York Yankees, iitwayo The Journey Within, ambayo ilitoka Julai 2003. Niliichagua kwa sababu inachanganya jazi, roki na midundo ya Karibi, na pia kwa sababu hapa Lubumbashi ni wachache mno waliowahi kumwona mtu huyo uwanjani, hivyo nilitumaini kwamba sifa zake za mchezo zisingetuziba masikio. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi yake ni kali. Ninajibu chache.

*Baba Mhariri, nimeisikiliza albamu hiyo jioni mbili, umeme ulipokuwapo. Wimbo mmoja ni salsa, unaofuata ni roki yenye magitaa mazito, kisha inakuja samba, kisha kitu laini kama muziki wanaowawekea watu wanaosubiri ndani ya benki. Wazee walitufundisha kwamba mshika mawili moja humponyoka, na huyu ameshika manne. Je, hii ni albamu, au ni soko la mtaa wetu wa Kenya siku ya Jumamosi?*
Mwalimu, Katuba

Mwalimu, methali yako ni ya kweli kwa mtu anayenyoosha mkono kushika vitu ambavyo havikuwa vyake. Kabla ya kuitumia kwa Williams, tutazame kwanza alivyokuta nyumbani mwao. Alizaliwa San Juan, Puerto Rico, mwaka 1968. Baba yake alikuwa baharia wa meli za biashara, na gitaa la kwanza ambalo mtoto huyo alilisikia ni lile ambalo baba alilileta kutoka Hispania. Baadaye alisoma katika shule ya muziki ya San Juan, akijifunza gitaa la kiklasiki, huku mchana akikimbia na kurusha mpira. Yankees walimsajili akiwa na umri wa miaka 17. Kijana wa kisiwa kama hicho husikia salsa kwa jirani, roki ya Marekani redioni na gitaa la Kihispania sebuleni kwao, na yote hayo humfikia kabla hajajua kwamba maduka ya santuri huyapanga katika rafu tofauti.

Nashangaa kidogo kwamba swali hili limetoka Katuba. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli ya kutoka kusini ilifika, na migodi ikavuta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai, Ruanda na Urundi, kila mmoja akija na ngoma yake. Juu ya hayo zikaingia santuri za Kuba zenye alama ya GV, ambazo zilianza kuuzwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, alimkuta kijana anayepiga gitaa kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na ndani ya vidole hivyo viwili zikasikika nyumba nyingi kwa pamoja. Sijawahi kusikia mtu wa Katanga akilalamika kwamba Mwenda alishika mengi. Hata salsa iliyokuudhi ni binamu wa karibu wa rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021 kwa maombi ya Kongo zote mbili. Midundo hiyo ilivuka bahari kwa minyororo ikarudi kwetu kwa santuri.

Hata hivyo nakupa haki yako mahali pamoja. Ule ulaini wa benki unaousema upo, nami uliniudhi pia. Kuna nyimbo ambazo studio imezipiga pasi mno, hadi mkunjo wa mwisho wa mkono wa binadamu ukatoweka, na gitaa linateleza juu ya kinanda bila kugusana nacho. Kwa maoni yangu kasoro ya albamu hii iko hapo. Mchanganyiko wenyewe haujaiharibu, kwani salsa na samba ndizo sehemu zenye damu, ilhali nyimbo ambazo hazikuchanganya chochote ndizo zinazosinzia.

*Mhariri, nimesoma orodha ya walioshiriki nikacheka. Rubén Blades yumo, Béla Fleck na banjo yake yumo, Leland Sklar kwenye besi, Kenny Aronoff kwenye ngoma. Mtu mwenye fedha za mchezaji mkubwa anaweza kuwakodi mafundi wa namna hiyo wakambeba mgongoni hadi mwisho wa wimbo. Yeye mwenyewe kafanya nini?*
Shabiki wa Lupopo, Kamalondo

Ndugu yangu, shabiki wa Lupopo anayeishi Kamalondo, kwenye uwanja wa wapinzani wao Mazembe, ni mtu aliyezoea kushuku, na shaka yako ina msingi. Jibu fupi ni kwamba Williams alipiga gitaa la kuongoza na lile la kusindikiza, na alitunga nyimbo saba kati ya zile zilizomo.

Ila sikubali kwamba mafundi humbeba mtu dhaifu. Wewe unaujua mpira. Chukua kijana asiyeweza kutuliza mpira, umweke katikati ya kikosi cha Mazembe cha Desemba 2010, kile kilichoifunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya dunia ya vilabu. Je, wenzake wangemficha? Dakika ya tano uwanja mzima ungekwisha kumwona, kwa sababu mpira ungekuwa unakwenda kwa kasi na kufia miguuni pake kila mara. Studio nayo iko hivyohivyo: mpiga ngoma kama Aronoff haachi nafasi ya mtu kujificha, na anayechelewa kwa nusu ya pigo husikika amechelewa. Sikiliza “Para Don Berna”, wimbo aliomtungia baba yake, yule baharia, aliyefariki mwaka 2001. Hapo fundi hawezi kumsaidia mtu, maana kinachotakiwa ni kujua noti ipi iachwe ining'inie na kwa muda gani. Mimi nilisikia mtu anayejua. Nilisikia pia mtu mwenye woga kidogo, anayerudi kwenye kiitikio mapema kuliko ilivyopasa, kama mshambuliaji anayetoa pasi badala ya kupiga shuti.

Kuna ushahidi mwingine ambao haumo ndani ya albamu. Ilipotoka, Williams alikuwa bado anacheza, na msimu ulikuwa katikati. Alikuwa ameshatwaa ubingwa wa Marekani mara nne na Yankees, miaka ya 1996, 1998, 1999 na 2000, na mwaka 1998 aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mpira. Angeweza kuridhika na albamu moja ya kuwaonyesha wageni nyumbani. Badala yake, baada ya kustaafu alitoa ya pili mwaka 2009, ikapendekezwa kwa tuzo ya Grammy ya muziki wa Kilatini, kisha akaingia darasani pamoja na vijana wenye umri wa wanawe na kuhitimu shahada katika chuo cha muziki cha Manhattan mwaka 2016. Mtu anayebebwa mgongoni haendi shule kujifunza kutembea.

Nitoke nje ya swali lako kidogo kwa ajili ya Béla Fleck, maana wasomaji watatu wameuliza kama banjo yake ni karindula. Si karindula. Karindula yetu ni banjo kubwa ambayo mwili wake ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, yenye nyuzi nne, na mpigaji hukaribia kuikalia. Banjo ya Fleck ni ndogo na ya Kimarekani. Lakini masikio ya wasomaji hao hayakukosea sana, kwani mwaka 2005 Fleck mwenyewe alisafiri hadi Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akifuata asili ya chombo chake. Ni pengo kubwa kwamba hakuvuka hadi huku kwetu.

*Mwanangu Mhariri, mbona unatupeleka mbali hivyo hadi kwenye mchezo tusioujua? Yannick Noah umemsahau? Sisi tulimcheza kwenye maharusi mwaka 1991, na hakuna aliyetuuliza kama ni mchezaji au mwimbaji.*
Mama wa Kampemba

Mama, nakubali kosa. Noah alishinda mashindano ya tenisi ya Roland Garros mwaka 1983 kwa kumfunga Mats Wilander, na tangu siku hiyo hakuna Mfaransa mwingine aliyeshinda pale kwa upande wa wanaume wanaocheza mmoja mmoja. Baba yake, Zacharie, alikuwa mwanasoka kutoka Kameruni aliyetwaa Kombe la Ufaransa na Sedan mwaka 1961, na Yannick alikulia Yaoundé. Mwaka 1991 alikuwa nahodha wa timu ya Ufaransa iliyowashinda Wamarekani katika Kombe la Davis kule Lyon, na wachezaji wakazunguka uwanja wakicheza wimbo wake “Saga Africa”. Wimbo ule ukasikilizwa kwa furaha ya ule ushindi.

Nadhani hapo ndipo Noah na Williams wanapoachana. Wimbo wa Noah ulikuwa wa kuwasimamisha watu kwenye viti. Ulitaka umati, na umati ulikuwepo tayari. Sauti yake si kubwa, naye hakudai kwamba ni kubwa, na mpaka leo sina hakika kama ningeusikiliza nikiwa peke yangu chumbani. Albamu ya Williams haikuwa na umati wa kuiinua, hivyo inabidi isimame yenyewe, na mara nyingine inayumba. Mama, kwenye harusi ningemweka Noah bila kusita. Usiku, baada ya wageni kuondoka, ningemrudia huyu mwingine.

*Ni kweli kwamba Muhammad Ali alitoa santuri?*
Mwanafunzi, Lubumbashi

Ni kweli. Ilitoka mwaka 1963, alipokuwa bado anaitwa Cassius Clay, miezi michache kabla hajamshinda Sonny Liston, na miaka 11 kabla ya pambano lake la Kinshasa. Sehemu kubwa ni majigambo na mashairi mbele ya watu wanaocheka, si muziki. Siku hizi wengi husema kwamba ile ilikuwa rapu kabla ya rapu. Mimi nasema ilikuwa ngumi za mdomo, naye alizirusha vizuri.

*Shikamoo Baba. Mimi ni kiungo katika timu ya mtaa, na naimba. Nataka kutoa albamu yangu ya kwanza. Rafiki mmoja ananishauri niweke rumba, mwingine rapu, mwingine nyimbo za kanisani, na mjomba wangu, ambaye anapiga karindula, anataka nimtie naye. Baada ya kumsikiliza yule Williams nimepata moyo wa kuweka vyote. Nikosee wapi na nisikosee wapi?*
Kijana, Ruashi

Marahaba, mwanangu. Kwanza usihesabu mitindo. Chukua daftari uandike ni muziki gani ulioupiga au kuuimba kwa miaka mitatu bila kulipwa na bila kuombwa na mtu. Kama nyimbo za kanisani umeziimba tangu utotoni, ni zako, ziingize bila aibu hata pembeni ya rapu. Kama rapu umeijua mwaka jana kwenye simu ya rafiki, mwache rafiki aifanye. Williams hakuweka samba kwa sababu samba inauzika. Vidole vyake vilikuwa vimeshapita katika gitaa la nyuzi za nailoni maelfu ya saa, na samba inakaa kwenye gitaa la namna hiyo.

Pili, wachezaji wenzako na mashabiki wa mtaa watakusifu, nawe ujue kwamba wanamsifu kiungo. Peleka wimbo mahali ambapo hawajui kuwa unacheza mpira, kwa mfano kwa fundi cherehani wa mtaa mwingine, aupige akiwa anashona, nawe ukae pembeni bila kusema ni wa nani. Akiacha kushona, au akiuliza ni nani huyo, una kitu. Akiendelea kushona, rudi nyumbani ukaurekebishe.

Kuhusu lugha, umeniandikia Kiswahili safi, na barua yako ina mdundo. Usikikimbie Kiswahili kwa Lingala ya kuazima eti kwa sababu Kinshasa ndiko kwenye soko. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na gitaa lake lilifika mbali.

Na mjomba wako, kama mkono wake bado uko sawa, mwekee kiti studio kabla ya wengine wote, urekodi karindula yake kwanza, peke yake, bila mashine ya ngoma. Kisha niandikie tena.