Boti ya jeti imepoteza kasi? Anza na geji ya mizunguko

Wenye boti za jeti, yaani zinazosukumwa na pampu inayofyonza maji na kuyarusha nyuma, wana malalamiko yanayofanana: "Injini yangu imechoka, haivuti kama zamani." Anayesema hivyo mara nyingi ameshaanza kuulizia bei ya kabureta kubwa, ekzosi mpya, hata injini nzima. Jibu langu ni lilelile kila mara. Kabla hujanunua chochote, nenda kwenye maji matulivu, fungua akseleta mpaka mwisho, subiri boti itulie kwenye kasi yake ya juu, kisha soma mizunguko ya injini kwa dakika na uiandike. Pembeni yake andika kasi inayoonyeshwa na GPS. Pima ukienda na ukirudi, ili upepo na mkondo visikudanganye, halafu chukua wastani. Namba hizo mbili, ukizilinganisha na za zamani, zinatosha kukuambia kama tatizo liko kwenye injini, kwenye pampu, au kwenye boti yenyewe. Ni matatizo matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo watu wengi waliozoea propela wanapopotea. Boti ya propela ikizidiwa mzigo, injini hulemewa na mizunguko hushuka. Jeti haiko hivyo. Impela, yaani gurudumu la mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu, inazunguka ndani ya nyumba yake, imezungukwa na maji pande zote, na haijali sana kama boti imebeba watu wawili au saba. Nguvu inayodai inategemea jinsi inavyozungushwa, na inapanda kwa kipeo cha tatu: mizunguko ikiwa mara mbili, pampu inadai nguvu mara nane. Kwa hiyo ukifungua akseleta yote, injini inapanda mpaka pale nguvu yake inapolingana na nguvu inayodaiwa na pampu, na hapo inasimama. Pampu isiyo na kasoro ni mizani ya kupimia injini, na tayari umeshaifunga ndani ya boti.

Chukua mfano. Boti ilikuwa inafika mizunguko 4,000 na sasa inaishia 3,800. Kwa macho imepungua asilimia 5 tu, na wengi husema hiyo si kitu. Piga hesabu ya kipeo cha tatu: injini imepoteza karibu asilimia 14 ya nguvu zake. Kwa injini ya silinda nane, hasara hiyo inazidi mchango wa silinda moja nzima. Ndiyo maana mizunguko 200 ikipotea kwenye jeti mimi sipuuzi hata siku moja.

Mizunguko imepanda, kasi imeshuka

Hapa injini haina kosa. Pampu haishiki maji vizuri, injini inapata wepesi na kupanda juu, na boti inabaki nyuma. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni uchafu: majani ya majini, mfuko wa plastiki, mchanga na changarawe kwenye wavu wa mlango wa maji, au kamba.

Kamba ndiyo adui ninayemfahamu zaidi. Niliwahi kuitwa kuangalia boti ambayo mwenyewe alikuwa ameshabadilisha plagi, filta na pampu ya mafuta bila mafanikio yoyote. Wavu ulikuwa safi kabisa. Lakini nilipofungua mfuniko wa ukaguzi na kupapasa shafti mbele ya impela, vidole vikakuta kitu laini: kamba nyembamba ya nailoni, imejizungusha na kukazana mpaka ikawa kama sehemu ya shafti. Unene wake haukufika wa kidole, lakini ilikuwa inavuruga maji kabla hayajafika kwenye impela, na maji yaliyovurugwa hayakabiki. Tuliikata kipande kwa kipande kwa kisu kifupi na boti ikarudi kwenye kasi yake. Na nisisitize: mkono hauingii kwenye pampu mpaka injini imezimwa na ufunguo umetolewa, ukiwa mfukoni mwako mwenyewe.

Kama ni pasafi, pima nafasi kati ya ncha za impela na ringi inayoizunguka. Ringi hiyo imewekwa makusudi ili ilike yenyewe na kuiokoa nyumba ya pampu. Nafasi inayotakiwa ni sehemu ndogo tu ya milimita, na kitabu cha pampu yako kitakupa namba kamili. Pitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kwenye kila pangaboi, yaani kila panga la impela, si kwenye moja tu, na izungushe impela kwa mkono unapopima. Nafasi ikipanuka, maji yaliyokwisha kusukumwa yanarudi nyuma kupitia pembeni, na hakuna kabureta duniani itakayoyazuia.

Kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa pangaboi. Ukikwama kwenye pengo, au ukiona ukingo umekuwa butu na mviringo kwa kugongwa na mawe, urudishe kwenye umbo linaloonyeshwa na mtengenezaji kwa tupa, kidogo kidogo, bila kula chuma kuliko inavyohitajika. Ukingo ulioharibika huzaa mapovu ya mvuke ambayo hupasukia kwenye chuma na kukichimba vishimo. Jeti ya kisasa ilitengenezwa na William Hamilton wa Nyuzilandi katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kina kifupi, na sifa hiyo imewafanya watu waamini kwamba pampu inakula mchanga bila madhara. Inapita mahali pa kina kifupi, ndiyo. Lakini mchanga unaofyonzwa ukiwa umesimama mahali pa kina kifupi na injini inanguruma unazisaga ringi na impela pamoja. Mahali kama hapo ondoka taratibu, au isukume boti kwa mti mpaka penye kina.

Hewa nayo hufanya ugonjwa unaofanana. Ikiingia kwenye mlango wa maji, utasikia injini inapanda ghafla kisha inashuka, hasa kwenye mawimbi. Angalia kama omo (mbele ya boti) inainuka mno kwa sababu mizigo yote iko tezi (nyuma), na kama kuna kiungo, kipimakina au mkwaruzo mkubwa chini ya boti, mbele ya mlango wa maji, unaotengeneza povu. Na unapoondoka kutoka kusimama, usikandamize akseleta yote kwa mara moja. Boti ikiwa bado haina mwendo, pampu nyingi haziwezi kumeza nguvu yote hiyo; zinaunguruma na kutoa povu tu. Ongeza kwa mpangilio mpaka boti ipande juu ya maji, kisha ndipo uimalize.

Mizunguko imeshuka

Hapa ni injini. Anza na kitu cha bure: injini ikiwa imezimwa, mwombe mwenzako asukume mkono wa akseleta mpaka mwisho huku wewe ukichungulia kwenye koo la kabureta au la throto. Je, vibao vimesimama wima kabisa? Kebo hulegea na viungo vyake hulika, na injini nyingi "zilizochoka" zilikuwa tu hazifunguliwi zote.

Cha pili ni hewa. Injini ya jeti mara nyingi imefungiwa ndani ya boksi, inavuta hewa iliyochemshwa na yenyewe. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 15 hadi 45 za Selsiasi, uzito wake unapungua karibu asilimia 9, na oksijeni inapungua nayo kwa kiasi hicho hicho. Weka kipimajoto ndani ya boksi baada ya mwendo mrefu. Kama ni tanuri, njia ya kuleta hewa ya nje karibu na kabureta itakupa nguvu nyingi kwa gharama ndogo. Kikinga moto kilicho juu ya kabureta kisafishe, usikitoe. Mvuke wa petroli kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti) hauhitaji zaidi ya cheche moja. Kwa sababu hiyo hiyo feni ya kutoa mvuke iwashwe kwa dakika 4 au zaidi kabla ya kuwasha injini. Kumbuka pia kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usilinganishe namba za ziwa la milimani na za pwani.

Mafuta yapimwe injini ikiwa kwenye kazi kamili. Injini inaweza kutulia vizuri bila mzigo na kuvuta sawasawa nusu akseleta, lakini mwishoni ikakosa mafuta kwa sababu filta imeziba au mpira wa kupitishia umebonyea. Petroli yenye ethanoli huvuta maji na kukaa nayo, na maji yakizidi yanajitenga na kutuama chini ya tangi, pale pale pampu inapofyonzea. Filta ya kutenganisha maji siyo anasa.

Injini ya gari hupumzika kwenye mteremko. Ya boti haina mteremko. Ndiyo maana nawaomba watu wasicheze na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) ili kutafuta nguvu. Kugonga kwa injini hakusikiki kwenye kelele za boti. Plagi ndizo zinazosema: zima injini ukitoka kwenye akseleta kamili, zitoe, angalia kauri yake nyeupe kwa kioo cha kukuza. Vidoa vidogo vyeusi au chembe zinazong'aa za alumini ni pistoni inayoanza kuliwa. Ukiviona, rudisha taimingi nyuma na weka petroli ya oktani ya kutosha siku hiyo hiyo.

Thamostati pia isitolewe eti injini ipoe zaidi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi haiunguzi petroli yote, na inayobaki huosha oili kwenye kuta za silinda. Oili nayo isizidi alama ya juu, maana krenki ikiifikia inaichapa mpaka itoe povu na inakula nguvu bure. Vyote hivyo vikiwa sawa, pima kompresheni. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, hapo ndipo neno kuchoka linakuwa la kweli.

Mizunguko ikiwa ileile ya zamani lakini kasi imepungua, acha injini na pampu. Kausha ngama, kagua kama povu gumu la kuelea lililo chini ya sakafu limenyonya maji, angalia kama ndoo ya rivasi (kifuniko kinachogeuza maji ili boti irudi nyuma) inainuka mpaka mwisho au inakata mkondo wa maji.

Na kwa anayetaka bado kuongeza nguvu: ukiongeza asilimia 10 kwenye injini, kipeo cha tatu kinakurudishia asilimia 3 tu za mizunguko, na kasi itapanda takriban kwa kiasi hicho. Ringi mpya ikichukua nafasi ya iliyolika inaweza kukupa zaidi ya hapo kwa pesa kidogo. Ukishabadilisha injini, impela nayo ifuate. Injini yenye nguvu zake kwenye mizunguko 5,000 haina faida ikiwa impela inaizuia kwenye 4,200. Na injini inayopita kiwango chake cha juu inahitaji impela inayodai nguvu zaidi kabla haijajivunja. Fundi wa pampu atataka kujua nguvu ya injini, mizunguko ambako nguvu hiyo inapatikana, na mizunguko unayopata sasa akseleta ikiwa wazi. Mpelekee hizo, pamoja na jina la pampu na namba iliyogongwa kwenye impela uliyonayo.