Mchoro Uliokuwa Uchunguzi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma baiolojia kidato cha sita na ninapenda mno kuchora. Nimeambiwa kwamba mchoro katika sayansi ni pambo la kitabu tu. Je, yupo msanii ambaye kuchora kwake kwenyewe kulileta maarifa mapya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Yupo, ndugu msomaji, naye ni Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, na kufundishwa kuchora na baba yake wa kambo, Jacob Marrel. Alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa na umri wa miaka 13, zama ambazo wengi, wasomi wakiwamo, waliamini kwamba wadudu huzuka wenyewe katika matope na uozo.

Aliwalisha viwavi majani waliyoyapenda, akachora kila badiliko alilolishuhudia, kisha akaonyesha katika ukurasa mmoja yai, kiwavi, pupa na kipepeo, pamoja na mmea uliowalisha. Mpangilio huo ndio ninaokusihi uutazame kwa makini, kwa sababu wakusanyaji wengi wa wakati wake walionyesha wadudu wakavu, kila mmoja peke yake, ilhali yeye alionyesha maisha yenyewe na jinsi mdudu anavyotegemea mmea fulani, jambo ambalo leo ni msingi wa ikolojia, yaani elimu ya uhusiano wa viumbe na mazingira yao. Hata pale pupa alipotoa nyigu wadogo badala ya kipepeo, alilirekodi tukio hilo kama lilivyokuwa.

Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alisafiri na binti yake Dorothea hadi Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini, akafanya kazi mpaka maradhi yalipomrudisha Amsterdam mwaka 1701. Kitabu kilichotokana na safari hiyo, chenye michoro 60, kilitoka mwaka 1705. Haki itendeke hapa: sehemu ya maarifa yaliyomo alipewa na wenyeji asilia na Waafrika waliokuwa watumwani, na yeye mwenyewe aliandika hivyo.

Makosa yapo katika kitabu hicho, lakini si yote aliyoshutumiwa. Mchoro wake wa buibui akila ndege ulipingwa vikali katika karne ya 19, mpaka Henry Walter Bates, mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza, alipoandika mwaka 1863 kwamba aliwaona ndege walionaswa na buibui wa namna hiyo katika bonde la Amazon.

Basi nawe, uchorapo kiwavi, chora na jani ulilomkuta akilila, na uandike tarehe pembeni.