Kusemeshwa Polepole Si Ubaguzi, Kupunjwa Ndio Ubaguzi

Mpwa wangu, umeniuliza kutoka Kisauni, Mombasa, kama ni kweli kwamba huku Uingereza wahudumu wa simu tunafunzwa kubadili usemaji tunapozungumza na wateja ambao Kiingereza si lugha yao, na kama huo si ubaguzi uliofunikwa kwa adabu. Ni kweli tunafunzwa, nami ndiyo kazi ninayoifanya. Kwa maoni yangu, ubaguzi hauko katika kubadili usemaji, bali katika sababu iliyotufanya tuubadili na katika kile kinachompungukia mteja baadaye.

Mafunzo yenyewe ni mambo madogo. Nambari ya akaunti husomwa tarakimu moja moja, kwa kuwa kwa Kiingereza kumi na tatu na thelathini hukaribiana mno simuni. Misemo ya wenyeji huachwa. Na mwishoni mteja huombwa aeleze alivyoelewa. Bibi wa Kiingereza mwenye masikio mazito hufaidika nayo sawasawa na Msomali aliyefika juzi.

Lawama huja tunapokisia. Mwenzangu mmoja aliona jina la Kiislamu kwenye kompyuta, akaanza kupaza sauti na kukatakata maneno kama anayemsemesha mtoto, kumbe mteja ni mzaliwa wa Birmingham. Baya zaidi, na hili ni gumu kuligundua, ni mhudumu anayeona uvivu kueleza kwa lugha nyepesi, akairuka habari ya punguzo la bei, mteja akashukuru na kukata simu asijue alichonyimwa.

Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 haitaji lugha miongoni mwa sifa inazozilinda. Inataja rangi, uraia na asili, hivyo anayelalamikia lugha hulazimika kuonyesha kwamba ameonewa kwa mojawapo ya hizo. Katiba yetu ya Kenya, ya mwaka huohuo, imeiandika lugha waziwazi katika kifungu cha 27. Kwa maandishi tumewatangulia. Kwa vitendo, kaulize bei ya kinyago karibu na Fort Jesus kwa Kiswahili chako cha Mvita, kisha umsikilize Mjerumani akitajiwa bei yake. Kumsemesha Kijerumani ni ukarimu. Kumzidishia bei ndilo jambo la kuulizwa.

Wapo pia wanaokataa msaada wakidhani ni dharau, na mmoja wao ni mama yako mdogo. Hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, humpatia mgonjwa mkalimani bila kumtoza, lakini yeye hung'ang'ania kwenda na mwanawe anayesoma shule, ilhali kuna maradhi ambayo mama wa Kiswahili hawezi kuyataja mbele ya mtoto wake wa kiume, na daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Nimemsihi mara nyingi. Nawe ukizungumza naye, mwambie hivyohivyo.