Konstanty Rokicki ni nani?

Uliyeuliza kuhusu Rokicki: alikuwa makamu konsuli wa Poland mjini Bern, Uswisi, wakati wa Vita Kuu ya Pili, chini ya mkuu wa ubalozi wa Poland huko, Aleksander Ładoś. Walinunua kwa magendo pasipoti tupu za Paraguay kutoka kwa konsuli wa heshima wa nchi hiyo, Rudolf Hügli, kisha Rokicki akazijaza majina ya Wayahudi kwa mkono wake mwenyewe. Wajerumani waliwaona wenye hati hizo kama watu wa kubadilishana nao mateka, kwa hiyo baadhi walinusurika kambi za mauaji. Wengi hawakunusurika, tusidanganyane. Alifariki Lucerne 1958, fukara. Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ilimtunuku 2019 heshima ya "Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa", inayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Bosi wake Ładoś hakupewa heshima hiyo, na ubishi bado upo.