Je, kila meli iliyopotea "ilizama"?

Swali: Naandika makala kuhusu dhoruba kubwa iliyoipiga Uingereza mwaka 1703. Niliandika kwamba manowari "zilipanda fungu". Mhariri akafuta, akaweka "zilizama". "Dhoruba" nayo kaigeuza "kimbunga". Nani yuko sahihi?

Jibu: Kwenye fungu, wewe. Mhariri ameshika neno la magazetini, ambako kila ajali ya majini ni kuzama, hata boti ikipinduka tu. Watu wa vyombo hawasemi hivyo. Chombo kikijaa maji kikaenda chini, kimezama, au kimetota. Kikisukumwa hadi kwenye mchanga au jabali, kimepanda fungu, kimepanda mwamba. Maji yakipwa kikabaki pakavu, kimepwelewa. Hapo mara nyingi hakuna msiba, nahodha husubiri maji yajae.

Katika kisa chako, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Usiku wa kuamkia 27 Novemba 1703, kwa kalenda ya zamani ya Waingereza, meli nyingi zilikuwa zimetia nanga Downs, sehemu ya bahari mbele ya mji wa Deal, kusini-mashariki mwa Uingereza. Nanga hazikushika. Manowari Northumberland, Restoration, Stirling Castle na Mary zikatupwa kwenye mafungu ya mchanga ya Goodwin, karibu na hapo, zikavunjikavunjika, na mabaharia zaidi ya 1,000 wakafa. Wako waliofika juu ya mchanga maji yakiwa yamepwa, wakasimama pale. Watu wa Deal waliwahi kuokoa wapatao 200 kabla bahari haijajaa tena. Ukiandika "zilizama", msomaji atauliza hao walisimama wapi.

Manowari Association usiichanganye nazo. Hiyo ilichukuliwa na upepo hadi Gothenburg, Uswidi, na baadaye ikarudi kwao.

Kuhusu kimbunga, rudisha dhoruba yako. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia "kimbunga" kwa zile zinazozaliwa kwenye bahari ya joto, kama Hidaya ya 2024. Ile ya 1703 ilitoka Atlantiki ya kaskazini, majira ya baridi yakikaribia. "Tufani" ningeipokea pia, tena ina ladha ya bahari.

Hukuuliza, ila nadhani utafika Severn, mto wa magharibi mwa Uingereza unaoingia baharini, ambako kondoo kwa maelfu walikufa maji. "Mafuriko" si kosa, lakini msomaji wa Rufiji akilisikia atafikiria mvua za bara na mto uliofurika. Tangulia kusema kwamba bahari ilisukumwa na upepo ikapanda nchi kavu, ndipo uyataje mafuriko.